Mkanda wa Fundi

Bahasha ilikuwa nyepesi, lakini muuguzi aliibeba kama jiwe. Ndani mlikuwa na mkanda wa ngozi na kamba za viatu, vitu ambavyo kila mgonjwa wa wodi ya akili huvuliwa siku anapolazwa, asije akajidhuru.

Asubuhi ile mhasibu wa hospitali alikuwa amempigia simu: bima ya yule mgonjwa fundi cherehani imefika kikomo, kitanda kinatakiwa kabla ya saa sita. Muuguzi alibisha kwamba bado hajapona.

"Dada, huruma hailipi umeme," mhasibu akamjibu.

Sasa Fundi alisimama mbele ya meza, mkono mmoja umeishika suruali iliyomlegea kiunoni. Alipouona mkanda, alirudi nyuma hatua moja.

"Huo nitunzie wewe, dada yangu. Bado sijawa mtu wa kulala nao chumba kimoja."

Muuguzi aliitazama fomu ya kumruhusu. Vitu vya mgonjwa anayetoka havibaki wodini. Mwenzake alifukuzwa kazi kwa saa ya mkononi iliyosahaulika kwenye droo. Na pale kwenye benchi, mgonjwa mpya alikuwa ameshaanza kufungua mkanda wake.

"Hairuhusiwi, kaka," muuguzi alisema, akamsukumia Fundi mkanda wake taratibu.

Fundi hakubisha. Aliiachia suruali, akaupapasa mshono wa mkanda kwa kidole gumba, kisha akauvuta kwa mikono yote miwili, kifundi, kuupima.

"Ngozi nzuri hii," akasema. "Haikatiki. Nitie sahihi wapi?"