Akizeeka Anakuwa Mgumu

"Huyu akilala nje, kesho kazeeka," Saning'o alisikika nyuma ya bati la karakana. "Na akizeeka anakuwa mgumu, hafai. Mpige leo leo, akiwa bado laini!"

Loo! Nusura Blandina adondoshe birika la chai. Harusi yao ilikuwa Jumamosi, naye alimpenda huyu fundi wa ndege ya misheni kuliko alivyothubutu kumwambia mtu pale Karatu. Akageuza njia hadi kwa mama yake, Cresensia, machozi yakimlenga.

"Mama, ng'ombe wa watu warudi kwao. Yule bwana anapanga kunipiga."

Cresensia hakuwa mtu wa kungoja kikao. Akafunga kanga kiunoni, akamfuata Saning'o hukohuko karakana. "Haya, sema! Nani huyo unayetaka kumpiga akiwa laini?"

Saning'o alicheka hadi akashika mbavu. Akafungua friji la mafuta ya taa, kutoka kwenye barafu akatoa ribiti, kile kimsumari kifupi cha kuunganishia bati la ndege. "Huyu!"

Kiswahili cha shule alikuwa nacho, ila kwake kila kitu kilikuwa huyu: huyu spana, huyu ndege, huyu ugali. Akaeleza kwamba ribiti ni aluminiamu iliyochanganywa na shaba kidogo. Ukiitia motoni kisha ukaizima majini, inalainika. Ikikaa kwenye joto, shaba inajikusanya humo ndani chembe chembe na kuikaza. Baridi inaichelewesha kuzeeka.

"Piga, mama."

Cresensia akapiga. Ya kwenye friji ikabonyea kama tonge la ugali. Iliyolala dirishani juani ikapasuka. Blandina akajifunika uso kwa aibu, na Jumamosi wakafunga ndoa.

Tangu hapo hakushtuka tena. Huyu mgumu, huyu kalegea, huyu mrudishe motoni. Yeye alimimina chai tu.

Miaka ikaenda. Asubuhi moja akawakuta Saning'o na rafiki yake Wilibrodi wakinong'ona.

"Huyu wa zamani kazeeka, bwana. Mgumu, hapindiki! Nimepata mwingine kule Soitsambu, laini kweli. Ijumaa analetwa."

Blandina akatabasamu. Mume wake na ribiti zake, jamani! Akawaongezea andazi mojamoja. Alhamisi akalisafisha friji vizuri, huyo mgeni apate nafasi.

Ijumaa lori la Soitsambu likasimama mlangoni. Akashuka ribiti mmoja, shanga shingoni, sanduku kichwani.

"Shikamoo, dada," akaamkia kwa adabu.

"Marahaba," akaitikia Blandina. Kisha akaingia karakana, akatoka na nyundo.