Shikamoo za Bure

Siku hizi hakuna anayempigia mzazi wake mwenyewe. Simu ndiyo humpigia kwa sauti yako, ikamwamkia na kumuuliza kaamkaje, wewe ukiwa bado umejifunika shuka. Huduma hiyo ilikuwa ya bure, mpaka juzi kampuni ilipotangaza kwamba inaifunga kuanzia leo.

Basi leo asubuhi mume wangu, Sudi, alikaa kitandani na simu mkononi kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

"Piga basi, ni mama yako huyo!" nikamwambia. Akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Mama mkwe alicheka mpaka nikamsikia na mimi. "Leo umepiga mwenyewe! Hiyo sauti ya mafua naijua tangu unanyonya. Umekunywa chai?"

Sudi akalengwalengwa na machozi. Wakaongea habari za kuku, mvua na goti la mama, mpaka maneno yakawaishia. Kisha mama akauliza taratibu, kama anayeogopa jibu:

"Na yule mwenzio anayenipigia kila asubuhi, mbona leo kimya? Nilikuwa sijamalizia kumsimulia habari za marehemu baba yako."