Kikapu cha Nyakahura

Hivi wewe, ukimwona mtu amepakata kikapu kimefunikwa majani ya mgomba na kufungwa kamba, utakifungua?

Mwanangu Renatus alikuwa anatupeleka kutazama maporomoko ya Rusumo, maana nilikuwa mgeni kwake Biharamulo na sijatoka uani. Kabla ya Nyakahura, mkewe alikata kamba ya kikapu changu kwa meno, akawagawia watoto ndizi.

"Mama, kumbe umetufungia vya njiani! Asante."

Kwetu Kirushya kikapu cha hivyo hufunguliwa na anayepelekewa tu. Ndizi zile nilizivundika mwenyewe, nikizibonyeza kila asubuhi kwa kidole. Sasa maganda yalirushwa dirishani, na soko la Nyakahura nalo likaanza kutupita.

"Simamisha gari!"

Renatus akakanyaga breki. "Mama, unaumwa?"

"Siumwi! Mama yako mkubwa yuko nyuma ya soko hili, hainuki kitandani, na wewe unanipitisha mlangoni kwake kama gunia! Maji yenu yanayoporomoka sikuyataka. Nilitaka nimwone dada yangu."