Waya wa Felicitas

Nilichomoa waya wa Felicitas saa nane mchana, nikaurudisha saa nane na nusu. Niliamini hatagundua.

Hapa mtaani Igogo nyumba nne tunatumia laini moja ya intaneti ya faiba. Inaingia sebuleni kwangu, kwenye kisanduku cheupe, kisha nyaya zinatoka kwenda kwa majirani. Wote tukiwasha kwa pamoja, kila mmoja anapata kidogo, na siku hiyo mimi nilitaka zaidi.

Saa kumi Felicitas akabisha hodi. Macho yalikuwa yamevimba. Msiba wa mama yake nilikuwa naujua, na nilijua daktari alimkataza kusafiri kwenda Bukoba kwa sababu ya mimba. Nilidhani wanazika kesho.

"Dada, kwenu nako mtandao ulikatika?" aliuliza. "Kaka alikuwa ananionyesha mazishi. Jeneza lilipoanza kushushwa, picha ikapotea. Iliporudi, walikuwa wanaweka mashada."

Simu ilikuwa bado mkononi mwake, kioo kimejaa alama za vidole vyenye machozi.

Ningejibu ndiyo, angenishukuru na kuondoka. Nilishafungua mdomo kusema hivyo.

"Haukukatika," nikasema. "Niliuchomoa waya wako."

Hakupiga kelele. Aliegemea mlango, mkono mmoja tumboni, akanitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Ulikuwa na shida gani, dada?"

Alikuwa ananitafutia sababu. Alisubiri, na mimi nilikuwa na jibu moja tu.

"Nilikuwa naangalia tamthilia."