Ngoma Kifuani pa Nyati

Nyati, mwalimu mkuu wa shule ya wanyama, hakupenda kelele. Siku moja aliwakuta watoto wa nguchiro wakiruka kwa pamoja juu ya gunia la pumba, wakijifunza kumwokoa aliyeacha kupumua.

“Hapa ni shuleni, si ngomani,” akafoka. “Marufuku kuruka bila ruhusa yangu.”

Kesho yake Nyati akaanguka mbele ya gwaride, pumzi ikakatika. Walimu wakapiga mayowe: “Mmwagieni maji!” Watoto wakawapita mbio, wakampanda kifuani, wakaruka wakihesabu kwa sauti. Walipofika ishirini na tisa, Nyati akakohoa.

“Nani kawaruhusu ngoma hii?”

“Shikamoo, mwalimu mkuu,” akajibu mdogo wao akihema. “Tulikuja kuomba ruhusa, tukakuta hupumui.”