Matusi ya Meya Tveit

"Na msinunue!" Meya Orville Tveit alinguruma kwenye kipaza sauti, hata wavuvi walioinamia matundu yao wakainua vichwa. "Gazeti gani hilo, linaandikwa na wanawake wawili ndani ya duka bovu la viatu, pale pembeni ya posta, mlango wa kijani? Eti dola tano kwa mwezi! Dola tano! Halifai hata kufungia samaki hawa!"

Mji mzima wa Bristow Falls ulikuwa juu ya ziwa lililoganda siku hiyo, kwenye mashindano ya kuvua barafuni. Corinne Haugland, mmoja wa wanawake hao wawili, alisimama kando na kikombe chake, uso unamwaka kuliko kahawa iliyokuwamo. Alitamani barafu ipasuke immeze.

Gazeti la zamani la mji lilikuwa limefungwa na kampuni ya mbali ambayo wenyewe hawakuwahi kukanyaga jimbo lao la Minnesota. Corinne, mwandishi wake wa mwisho, akaapa kuanzisha jingine lisilo na bosi wala tajiri, litakalolishwa na wasomaji wenyewe. Lakini mwenye mtambo wa kuchapa alimwambia waziwazi: bila malipo ya kwanza, hakuna gazeti. Basi yeye na shoga yake Gudrun, mpiga picha, walikaa wiki nzima na meza yao nje ya duka la mikate. Waliojiandikisha ni mama yake Corinne, mchungaji, na bwana mmoja aliyedhani ni bahati nasibu ya bata mzinga.

Na sasa meya naye kawaanika mbele ya kadamnasi.

Kesho yake asubuhi Corinne alikwenda ofisini kukusanya vitu vyake. Akakuta foleni.

"Ndio hapa mlango wa kijani?" aliuliza muuza matrekta mmoja, theluji inamdondoka ndevuni. "Tveit hanipangii mimi cha kusoma! Niandikishe. Mke wangu atasoma langu. Aa, mwandikishe na yeye, asije akanisumbua."

Gudrun aliitazama foleni iliyopinda mpaka posta. "Shoga, nifinye."

Corinne akamfinya.

"Mama wee! Kumbe kweli!"

Meya hakukoma. Kwenye karamu ya kanisa alisimama katikati ya chakula, kijiko mkononi, akasema gazeti hilo litakuwa aibu ya mji. Viazi havijapoa, Gudrun kaishiwa fomu, anaandika majina kwenye karatasi za kufutia mikono. Kwenye mechi ya magongo, wakati wa mapumziko, meya akawaita kunguru wawili wenye njaa. Timu nzima ikaja kujiandikisha na jezi zake, na bibi mmoja akawafumia wanawake wale kofia nyeusi zenye midomo ya manjano. Wakazivaa mjini kote. Madereva wakawa wanawapigia honi, watoto wanawalilia "kwaa! kwaa!", nao wanaitikia.

"Huyu mzee akizidi kutuchukia," Gudrun alisema, akicheka mpaka kashika mbavu, "tutanunua mtambo wetu wenyewe."

Malipo ya mchapaji yakatimia, yakapita. Ikabaki habari ya ukurasa wa kwanza, na Corinne alishajua ni ipi. Alivaa kofia yake ya kunguru, akamfuata meya ofisini kwake, akamuuliza habari za daraja la mtoni, ambalo mji mzima ulilivuka kwa wasiwasi.

Meya akapiga meza. "Unataka nini? Limeoza, ndiyo! Baraza la mji linajua, ndiyo! Tumenyamaza, na mimi nimo! Tangu gazeti lile lifungwe naongea na viti vitupu vya waandishi, leo ghafla umeniletea kalamu? Andika basi, tuone nani atasoma!"

"Nitaandika, Meya. Na jina lako nitaliandika."

"Tveit, herufi tano! Usilikosee!"

Corinne alishuka ngazi mbio, nusu kwa hofu, nusu kwa furaha. Hajawahi kuona mtu akijichimbia kaburi kwa bidii namna ile.

Toleo la kwanza lilitoka Jumamosi. DARAJA LIMEOZA, BARAZA LILIJUA. Chini yake ilikuwa picha ya meya, mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini. Mchana nakala zilikuwa zimekwisha. Watu walikuwa wanasomeana kwa sauti kwa kinyozi, benki, hata kwa daktari wa meno, na wajumbe wa baraza walikuwa wakikimbilia magari yao kama wamefukuzwa na nyuki. Gudrun alicheza na mwokaji mikate katikati ya barabara.

Corinne alikuwa amejiwekea nakala moja. "Nampelekea mwenyewe," alisema. "Nataka nione uso wake."

"Atakupiga koleo la theluji!"

"Basi njoo upige picha!"

Lakini Gudrun alikuwa bado anacheza, basi Corinne akaenda peke yake, anaruka madimbwi ya barafu kama msichana wa shule. Mlango wa gereji ya meya ulikuwa wazi kidogo. Kabla hajabisha, akasikia sauti.

"Kakuumbua, Orville," alikuwa akisema Arlys, mke wa meya. "Ukurasa wa kwanza, na picha pia."

"Sasa hilo ndilo gazeti!" Meya alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mjukuu. "Haya, mama, turudi kazini. Jumanne nahutubia mafundi wa reli, na hakuna hata mmoja aliyejiandikisha. Nianze na 'takataka' au 'upuuzi'?"

Arlys alifikiri kidogo.

"Waambie ni la wasomi, wao hawataliweza," alisema. "Watakwenda mbio."