Mlio wa Pili

Evodia alikuwa na mazoea ya kufungulia sauti ya mashine ya kupimia moyo, ili waliomleta mgonjwa nao wasikie damu ikipita moyoni. Leo alitamani asingefungulia.

Binti mdogo alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, kifua kikimeta kwa jeli. Bibi yake, mpiga muheme, ngoma za wanawake wa Kigogo, kutoka Buigiri, alikaa kando na simu mapajani, babu akisikiliza upande wa pili wa simu. Mashine ikavuma: fwaa-shii, fwaa-shii.

Viganja vya bibi vikaanza kugonga taratibu ukingo wa kitanda, vikifuata.

"Unasikia, mwanangu?" akamwambia Evodia. "Anapiga, halafu anajijibu mwenyewe. Marehemu mama yake alipiga hivyohivyo. Huo mlio wa pili tunawafundisha wasichana mpaka wanalia. Huyu kazaliwa nao."

Kwenye kioo cha mashine, damu iliyopaswa kwenda mbele ilikuwa ikirudi nyuma kwa nguvu, kupitia mlango wa moyo usiofunga tena. Moyo wenyewe ulikuwa umetanuka na kulegea. Kama ni kupasuliwa, mtoto angeletwa mapema; sasa ilikuwa imechelewa. Ule mlio wa pili ndio uliokuwa ukimmaliza mtoto.

Evodia akapeleka kidole kwenye kitufe cha sauti, aipunguze.

"Bibi," akaanza.

Mtoto akacheka kwa pumzi fupi, akaanza kutikisa mabega palepale alipolala, kama wachezavyo kwao.

"Ongeza kidogo, mwanangu," bibi akasema, akiinua simu. "Babu yake hasikii vizuri."

Evodia akaongeza.